Motokaa Iliyonyamaza Mbele ya Mama Mkwe

Leo uso wangu nimeuacha Sindeni. Mkiuokota njiani, uacheni hukohuko, msiniletee.

Nimerudi sasa hivi. Tope halijakauka masikioni. Na kabla hamjaisikia habari hii kwa wapagazi wanaotoka Handeni (watatia chumvi, nawajua), nawaeleza mwenyewe. Nimechoka, jamani. Nimechoka mikono, nimechoka shingo, nimechoka hata kuona haya. Kwa hiyo nivumilieni mpaka mwisho, maswali baadaye.

Kazi yangu mnaijua. Mimi Mbelwa, mtoto wa Kwashemshi, ndiye dereva wa motokaa ya yule Mjerumani mwenye shamba la mkonge hapa Korogwe, ambaye sisi tunamwita Bwana Matone. Kwa nini tunamwita hivyo, hilo nalo mnalijua. Benzini yake inakuja kwa gari moshi kutoka Tanga, ndani ya madebe. Debe likifunguliwa, yeye husimama pale kulikodolea macho. Tone likianguka chini anaguna utadhani amekanyagwa kidole.

Juzi akanisimamisha mbele ya msimamizi na mpishi, akanyoosha kidole.

"Motokaa kunywa sana! Wewe kwenda Handeni, kurudi Korogwe, debe moja tu. Benzini kwisha njiani, wewe kwisha. Kesho kata mkonge."

Mtu mwingine angesema ni maneno ya hasira tu, yatapita. Kwangu hayapiti. Mzee Mhina wa Sindeni, kile kijiji cha njia ya Handeni, amekubali kunipa binti yake Mwanaidi kwa sababu moja, na aliitaja wazi siku ya posa. "Mkata mkonge simpi," alisema. "Anarudi nyumbani na miiba na hasira. Dereva nitampa." Sasa unganisheni wenyewe. Benzini ikiisha, udereva umeisha. Udereva ukiisha, Mwanaidi anaolewa na yule muuza tumbaku wa Handeni anayepitapita pale kila gulio akijifanya ana kiu ya maji. Tumbaku! Nikifikiria hilo usingizi unakatika.

Basi leo asubuhi, jogoo hajamaliza kuwika, Bwana Matone yuko bandani na taa mkononi. Tuondoke kukiwa na baridi, anasema, jua likiwaka benzini inapotea hewani. Sawa. Kisha akaanza kupunguza mzigo. Akashusha kiti chake cha kukunja. Akashusha gurudumu la akiba. Akashusha sanduku la chupa zake (hapo nikajua mambo mazito, chupa zile hajawahi kuachana nazo hata akiwa na homa). Halafu akaona kifurushi changu.

"Hii nini?"

"Chakula changu, Bwana. Muhogo na kunde."

Akakinyanyua, akakipima kwa mkono, akatikisa kichwa. Muhogo nao ukashuka.

Turubai la juu likakunjwa, eti linashika upepo. Magurudumu nikayapiga pampu, nikapiga, nikapiga tena, kwa sababu gurudumu laini linakula benzini. Yalipokuwa magumu kama mawe, mikono yangu ilikuwa laini kama ugali wa mgonjwa. Na safari haijaanza.

Tukaondoka.

Sheria ya kwanza ya njiani: mguu usikanyage, uguse tu. Nikichapuka kidogo napigwa kofi la bega. "Polepole! Sawasawa!" Tukavuka mto, tukashika njia ya Handeni kwa mwendo wa kusindikiza maiti ya mtu mkubwa. Kwenye kilima kimoja tulipitwa na mzee na mbuzi wake. Mbuzi, jamani. Yule mzee akatusalimu kwa upole, akauliza kama tumebeba mgonjwa.

Sheria ya pili: motokaa ikisimama, zima. Isingurume bure. Askari anasimama kutoa heshima, zima. Bwana anataka kutazama mahindi ya watu, zima. Bwana anaenda kichakani, zima. Kila ikizimwa nashuka mimi, nazunguka mbele, napiga hendeli, kile chuma cha kuizungusha mpaka iwake. Na hendeli ya motokaa ile ina roho mbaya, ukizubaa inarudi nyuma na kukugonga kifundo cha mkono. Leo imenigonga mpaka nikaacha kulalamika. Nilikuwa naiambia tu, "Haya, piga, malizana nami."

Lakini haki yake nimpe. Tulipofika Handeni, Bwana akaenda bomani kwa shughuli zake, akarudi, akachomeka kijiti chake cha kupimia kwenye tangi, akakitazama kilivyolowa. Akatabasamu! Ilibaki nyingi kuliko nilivyoota. Nami nikatabasamu, njaa na yote. Nikamwona Mwanaidi, nikaiona nyumba yetu, nikamwona muuza tumbaku akiondoka na kiu yake.

Ningejua, ningelia mapema.

Wakati wa kurudi ndipo Bwana alipotoa sheria ya tatu. Kwenye mteremko, alisema, zima kabisa. Funga na bomba la benzini, lile lililo chini ya kiti, hata tone lisipite. Motokaa itajiendea yenyewe, kilima kinatupa bure.

Nikajaribu. Jamani, ni raha. Ule mngurumo wote ukakata, likabaki vumbi linalolia chini ya magurudumu na upepo masikioni. Nilisikia ndege wa njia ile kwa mara ya kwanza tangu nianze udereva. Mwili uliochoka ukalegea. Kope zikawa nzito. Hivyo ndivyo tulivyoteremka kilima cha kuingia Sindeni, kimya kama paka, mimi nikiwa nusu usingizini.

Sasa ngojeni niwakumbushe jambo, maana wengine hapa kambini mmetoka mbali na desturi zetu hamzijui. Kwetu milimani na kwao Wazigua wa Sindeni ni yaleyale: mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini, mwingine anageuza shingo. Neno la kuambiana linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama mnasikiana. Hiyo ndiyo heshima, na wakwe wa Sindeni kwa jambo hilo hawana mchezo. Posa za watu zimekufa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Mimi hilo halikunisumbua kamwe, na sababu ilikuwa motokaa yenyewe. Mngurumo wake unasikika tangu ng'ambo ya kilima. Mama mkwe akiusikia anaingia zake shambani, anatulia. Mimi napita nimeangalia upande wa pili. Miezi yote hii tumeheshimiana vizuri kabisa, yeye kwa masikio, mimi kwa shingo.

Leo motokaa ilikuwa imenyamaza.

Nikakata kona ya mwisho, pale njia inapoangukia kijito, na mbele yangu wanawake wanapanda kutoka majini na mitungi kichwani. Wa mbele kabisa, katikati ya njia, macho yametazama moja kwa moja kwenye macho yangu: mama wa Mwanaidi. (Jina lake sitalitaja, msiniulize.)

Najua mtakachosema. Honi si ilikuwepo? Ilikuwepo! Lakini mtu anampigia mama mkwe honi? Wewe unaweza? Mimi siwezi.

Yeye alikuwa na akili kuliko mimi. Akautua mtungi palepale njiani, akajitupa majanini, akajifunika kichwa kwa nguo. Kama ningeishika njia tu, nikageuza shingo, yote yangepita salama. Lakini usingizi, njaa, woga, vyote vilinijia pamoja. Nikaachia usukani, nikazama chini ya kiti.

Ndiyo. Motokaa ikiwa inateremka. Bwana ndani.

Huko chini sikuona kitu ila miguu yangu mwenyewe. Nilisikia tu. Nilisikia mtungi ukipasuka, pwaa! Nilisikia Bwana akipiga kelele, "Breki! Breki!" Nikatafuta breki kwa kiwiko. Nilichokipata si breki. Matete yakaanza kutuchapa huku na huku, kisha kitu laini na baridi kikatupokea, na motokaa ikatulia kijitoni imelalia upande mmoja, tope likiingia ndani bila hodi.

Kimya.

Nikachungulia. Bwana Matone amesimama peke yake, kofia imezama mpaka masikioni, tope kifuani, anaitazama njia. Njiani hakuna mtu. Dereva yuko chini ya kiti, mama yuko majanini. Alionekana kama mtu aliyeachwa na dunia.

"Nani?" akauliza taratibu. "Simba?"

"Mama mkwe, Bwana."

Majani yakasema. Sauti ile naijua, nimeisikia mara nyingi nyuma ya ukuta. "Mwulizeni huyo aliye chini ya kiti kama amevunjika."

Wanawake wenzake ndio waliopaswa kuniletea neno hilo. Hawakuweza. Walikuwa wamekaa chini vumbini, wameshika mbavu, machozi yanawatoka. Mmoja alijaribu, "Mama anauliza..." akaanguka tena. Nikangoja. Mama naye akangoja. Adabu ni adabu, hakuna aliyekuwa tayari kuivunja kwanza.

Mwishowe Bwana akachoka. "Yeye kuuliza, wewe kuvunjika?"

"Mwambie mama sijavunjika, Bwana."

"Yeye hapa! Yeye kusikia!"

"Ndiyo, Bwana. Lakini mwambie."

Akavuta pumzi, akayageukia majani. "Yeye hapana vunjika."

"Mwambie ahsante kwa Mungu," yakajibu majani. "Na mtungi wangu je?"

Bwana akanigeukia. "Na mtungi?"

Kwa namna hiyo, ndugu zangu, Mjerumani mzima, mwenye shamba lake na bunduki yake, amefanya kazi ya kutupelekea maneno mimi na mama mkwe mpaka jua likaelekea kushuka. Sikuwa na nguvu ya kucheka. Hata sasa sina.

Wanawake waliponyanyuka, walitusaidia kuitoa motokaa topeni. Mama mkwe akiwa mmojawapo! Alikaa nyuma kabisa, ili mimi niliyeshika usukani nisimwone. Akasukuma. Na ana nguvu, mama yule. Kila akisukuma motokaa inaruka, mimi najiona mdogo kuliko mbegu ya mtama.

Ikafika njiani. Bwana akasema niwashe. Sasa hendeli iko mbele, na ukiipiga unakuwa umeelekea nyuma, na nyuma ndiko alikosimama mama mkwe. Nikatafuta kitu cha kujifunika. Motokaa nzima haina kitu, si tuliipunguza uzito? Palikuwa na kitambaa kimoja tu, cha kufutia grisi. Nikakitupia kichwani, nikashuka, nikapapasa mpaka nikaikuta hendeli. Nikapiga. Motokaa ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Nikapiga tena. Kimya. Hendeli ikanigonga kwa kunizoea.

"Benzini?" Bwana akauliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, na sauti hiyo ndogo ndiyo iliyonitisha. Kijiti cha kupimia kilikuwa kimepotelea topeni. Labda tangi lilimwagika pale tulipolala upande. Labda imekwisha. Niliona mkonge umejipanga mstari mbele ya macho yangu, chini ya kile kitambaa cha grisi.

Tukakubaliana isukumwe hadi kijijini, kule juu wapo wanaume. Mnakijua kile kilima cha upande wa pili. Basi kilipandwa. Wanawake wanaimba wimbo wa kutwanga, wameutia jina langu. Bwana anatembea kando, anapeleka maneno.

"Mama kusema, wewe nyoosha."

"Mwambie mama nimenyoosha, Bwana."

"Mama kusema, wewe hapana nyoosha."

Mzee Mhina alikuwa nje ya nyumba yake, anapukuchua mahindi. Akaona motokaa inakuja bila mngurumo. Akasimama. Akaona nani anaisukuma. Akaweka gunzi chini, polepole sana.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Kitambaa bado kichwani, nimekiinua usoni tu.

"Marahaba." Akaizunguka motokaa, akamtazama mkewe aliyelowa jasho, akarudi kwangu. "Mbelwa, nilidhani gari hili linakwenda kwa mafuta. Kumbe linakwenda kwa mke wangu?"

"Benzini, mzee... nadhani imekwisha."

"Imekwisha." Akatikisa kichwa. "Na Bwana wako alisema nini juu ya kwisha? Maana maneno yake yamefika hadi huku."

Nikageukia nyumba. Nilimwona Mwanaidi mlangoni, nusu ya uso tu, na ile nusu haikuwa inacheka. Hapo ndipo nilipoumia kweli. Nikakaa kwenye kiti nisijue pa kuweka mikono, mkono mmoja ukaning'inia chini. Ukagusa kitu.

Bomba.

Bomba la benzini. Limefungwa. Nimelifunga mwenyewe kule juu ya mteremko, ili hata tone lisipite, na halijapita! Benzini yote iko pale, imekaa, inangoja kuitwa. Kilima chote kile mama mkwe amekipanda akisukuma motokaa yenye benzini tele!

Nilifanya ambalo hata nyie mngefanya. Nikalifungua kimyakimya, nikakohoa kuficha sauti, nikasema, "Ngojeni nijaribu mara moja tu." Nikashuka, nikashusha kitambaa usoni, nikapiga hendeli. Ikanguruma mara moja, kwa furaha, kuku wote wakakimbia.

Ningeponea hapo, lau si Bwana Matone. Akainama, akachungulia chini ya kiti, akalitazama bomba, akanitazama mimi. Macho yakamtoka.

"Bomba!" akapaza sauti kijiji kizima kisikie. "Wewe kufunga bomba! Benzini iko! Siku zote iko!"

Wanawake hawakucheka safari hii. Walilia. Mmoja alienda kujishikilia kwenye mti. Mzee Mhina akasimama wima, akafungua mdomo, nami nikafumba macho. Nilijua linalokuja, na sikuwa na nguvu hata ya kujitetea.

Lakini nyuma ya motokaa, sauti ya mama mkwe ikatangulia, bado inahema.

"Mwambieni mzee. Kijana aliyekubali kuzama topeni kuliko kunitazama usoni, huyo adabu anayo. Akili hana. Akili anazo Mwanaidi, zitawatosha wote wawili. Na mtungi ataufinyanga mwenyewe, nitamfundisha kwa nyuma ya ukuta."

Bwana Matone alikuwa ameshazoea kazi yake. Akaiweka kofia sawa, akafuta tope mdomoni, akatutangazia sote kwa sauti ya hukumu:

"Adabu iko. Akili hapana. Harusi iko."

Mzee Mhina akamtazama mkewe, yaani upande aliko mkewe. Kisha akaketi, akalichukua gunzi lake. "Haya," akasema. "Aliyesukuma ndiye aliyeamua."

Tumerudi Korogwe kwa mwendo wa maiti, taa zikiwaka. Bwana amechonga kijiti kipya, amekichomeka kwenye tangi, amefurahi hadi ameniazima sabuni. Haijapata kubaki nyingi hivyo, anasema. Anataka kila safari ya Handeni iwe hivihivi: zima mteremkoni, na kilimani tutafute watu.

Basi ndiyo hayo. Harusi ni baada ya mavuno, na nyote mmealikwa. Mwenye kucheka acheke leo, amalize kabisa, maana siku hiyo bibi harusi ataletwa kwa motokaa, na kile kilima mnakijua.